Tumeacha kuvunja kikoba Desemba, sasa tunavunja Juni: akiba, mahindi ya Kongwa na mpaka wa Namanga

#1 Katibu wa Kikoba

Mbukwenyi wakuu. Na wasio Wagogo, habari za jioni.

Juzi kuna ndugu alianzisha uzi humu akasema vikoba, hivi vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, ni kina mama kukaa chini ya mti na kuzungusha umasikini wao. Nilikasirika, nikaandika jibu refu, nikalifuta. Baadaye nikaona ana kipande cha ukweli, na hicho kipande ndicho kimenifanya nije na uzi wangu.

Mimi ni katibu wa kikoba huku Kongwa. Kijiji nakihifadhi kwa sababu wenzangu wengine wamo humu na majina yao ya bandia nayajua. Tuko 27, wanaume wanne tu, na hao wanne ndio wanaoongoza kwa faini za uchelewaji. Tunakutana Jumatano saa tisa alasiri. Hisa moja 2,000, mwisho hisa tano kwa mkutano, mfuko wa jamii 500 kila kichwa. Sanduku la bati, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Unakopa mpaka mara tatu ya hisa zako, riba asilimia 5 kwa mwezi. Mzunguko ukiisha tunavunja, kila mtu anaondoka na chake na faida yake.

Tulianza 2015 na tulikuwa tunavunja wiki ya pili ya Desemba. Hatukuwahi kujiuliza kwa nini Desemba. Mwalimu aliyetufundisha alisema Desemba, vikoba vya jirani vinavunja Desemba, Krismasi ipo, nguo za watoto zipo. Basi.

Mwaka 2019 bibi mmoja mwanachama, mjane, hajui kusoma lakini hesabu zake zote anazo kichwani, aliuliza mkutanoni: "Mbona tunapata hela tukiwa hatuna mahindi, na tukiwa na mahindi hatuna hela?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na daftari la mikopo mapajani, nikalifungua, kicheko kikanikauka.

Chukueni kalenda ya kwetu. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, zinaanza Desemba zinakata Aprili. Mahindi yanakaukia shambani Mei, Juni tunavuna. Juni hiyo hiyo mwenye trekta anadai, vibarua wa palizi wanadai, duka linadai, mtoto wa sekondari anarudi likizo na karatasi ya michango. Kikoba hela kinazo, lakini zote ziko mikononi mwa watu, na kuvunja ni mpaka Desemba. Dalali analijua hilo kuliko sisi. Anakuja na bodaboda mpaka shambani, debe lake analo, na debe lenyewe limegongwa kwa ndani mpaka likaota kitambi. Ukitaka kupima kwa gunia, anataka lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi. Unauza tu, kwa sababu anayekudai yuko mlangoni.

Ikifika Desemba unapokea laki tatu zako. Mahindi huna. Bei imepanda. Zile laki tatu unarudi nazo kwa dalali yule yule kununua chakula cha watoto.

Basi mzunguko ulioanza Januari 2019 tukaurefusha, tukavunja Juni 2020, na tangu hapo kila mwaka tunavunja wiki ya kwanza ya Juni.

Nitawaeleza siku ya kuvunja ya 2022 kwa sababu naiona mpaka leo. Tuko chini ya mbuyu, mshika ufunguo wa tatu kachelewa, alikuwa msibani. Sanduku likafunguliwa saa kumi. Noti za vijijini mnazijua, zinanuka moshi na vitunguu. Bibi ni namba 14. Alikuwa na hisa 148. Hisa ilitoka 2,460, kwa hiyo chake kilikuwa 364,080. Tukampa 364,000, zile 80 akasema ziende kwenye jamii. Akatandika khanga, akazigawa noti mafungu matatu: la trekta, la bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa ambayo wakati huo ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na la mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa ya kuhifadhia mahindi.

Dalali alikuwa ng'ambo ya barabara kakaa juu ya pikipiki, kahesabu naye. Tulipotawanyika akamfuata. "Bibi, gunia ngapi nikubebee?" Bibi akamjibu bila kusimama: "Bado hayajakauka." Yalikuwa yamekauka wiki tatu zilizopita.

Juni ile gunia kwetu lilikuwa kama 65,000. Januari 2023 likavuka laki moja. Bibi aliuza manane. Sasa hesabu hii ndiyo ninayotaka muione: faida aliyopewa na kikoba kwa mwaka mzima ilikuwa 68,000. Faida ya kusubiri miezi saba ilikuwa zaidi ya 280,000.

Nyie wengine mnavunja lini, na kwa sababu gani?

#2 Bodaboda wa Nkuhungu

"Bado hayajakauka." Huyo bibi apewe wizara.

Natia kambi hapa.

#3 Hesabu Ngumu

Ni mimi wa uzi wa juzi. Dada Katibu, asante kwa kunijibu kwa adabu, wengine walinijia na mapanga.

Lakini hebu tuliangalie hili. Hiyo 2,460 kwa hisa ya 2,000 imetoka wapi? Riba. Riba imelipwa na nani? Na nyie nyie. Kwa hiyo mama aliyekopa kwa ajili ya matibabu ya mtoto ndiye aliyemlipa faida mama ambaye hakuuguliwa. Asilimia 5 kwa mwezi ni 60 kwa mwaka. Benki ikitoza hivyo mtaandamana. Na benki amana yako ina bima, sasa hivi hadi milioni 7.5. Amana yako wewe ina bima ya kufuli tatu.

Halafu hiyo faida ya 280,000 haikutokana na akiba. Imetokana na bei kupanda. Kama bei isingepanda, kikoba kingefanya nini? Watu wanachanganya mambo mawili hapa.

#4 Katibu wa Kikoba

Kaka Hesabu, hapo ndipo pale niliposema una kipande cha ukweli.

Sanduku halizai. Nimeandika daftari miaka yote hii, nakuambia halizai. Hela iliyomo ni ya kijiji, inatoka kwa mama wa maandazi inakwenda kwa mama wa kuku inarudi kwa mama wa maandazi. Tungebaki peke yetu, tungegawana ile ile mpaka noti zichakae. Hela mpya inaingia kijijini kwa mlango mmoja, pale mahindi au alizeti inapotoka nje ya kijiji na mtu wa mbali anapolipa.

Kinachofanywa na sanduku ni kutupa miezi. Mtu mwenye laki tatu Juni ana miezi saba ambayo jirani yake hana. Sasa swali ni kwamba katika hiyo miezi saba unamsubiri nani? Ukienda Kibaigwa sokoni Januari utawaona: malori ya Dar, na malori ya kupanda kaskazini kwenda Namanga, mpakani mwa Kenya. Wale wasipokuja, subira yetu ni kulisha wadudu wa dumuzi tu.

Kwa hiyo sichanganyi mambo mawili. Nasema moja bila jingine ni bure. Soko la Kenya lilikuwepo hata tulipokuwa tunauza Juni, ila faida yake ilikuwa ya dalali.

Kuhusu riba umenipata. Mikopo ya ugonjwa na msiba tumeihamishia mfuko wa jamii, haina riba. Hiyo ya biashara imebaki.

#5 Tela Mbili

Mimi ndiye huyo wa malori ya kupanda kaskazini. Nabeba mahindi Kibaigwa, Kiteto na Babati kwenda Namanga, miaka 11 sasa.

Dada Katibu uzi wako mzuri lakini umeruka mwaka. Umesema mlianza kuvunja Juni 2020, halafu ukatupeleka 2022 kwenye utamu. Machi 2021 ilikuwaje? Maana mimi nilikuwa kwenye foleni.

Nikumbushe wadau. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilitangaza kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda, sababu sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Hakuna aliyepewa hata wiki ya kujiandaa. Nilikuwa na tani 28 nyuma yangu. Siku ya kwanza watu wanacheka, tunapika wali pembeni ya gari. Siku ya pili mwenye mzigo anapiga simu kila saa. Siku ya tatu mvua, turubai langu lina tundu upande wa kushoto, na ninyi mnajua mahindi yakipata maji kwenye joto yanakuwaje. Harufu ilianza kama pombe ya kienyeji.

Baada ya siku chache walilegeza, lakini kwa masharti: mnunuzi awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha kupimwa, sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na cheti cha uasili kinachoonyesha mahindi yametoka nchi gani. Mwenye mzigo wangu hakuwa na hata kimoja. Tuligeuza. Aliuza Arusha kwa bei ya chakula cha kuku.

#6 Bodaboda wa Nkuhungu

Katibu njoo huku, umeshikwa.

#7 Katibu wa Kikoba

Nimeshikwa.

Mwaka wa kwanza tulilia. Kati ya 27, kumi na wawili walisubiri mpaka Machi kwa tamaa ya bei ya Machi. Juni wangeuza kama 50,000. Waliuza 40,000, na baada ya hapo bei ikazidi kukaa chini mwaka wote ule. Mwanachama mmoja mwanaume alisimama kwenye mkutano akasema Katibu ametuletea kalenda ya shetani. Alihama kikoba. Sikuandika mwanzoni kwa sababu bado inaniuma, na kwa sababu nilijua kuna mtu kama wewe Tela Mbili atakuja.

Tulichojifunza ndicho hiki. Kwanza, magunia ya chakula cha kaya yanatengwa kabla ya yote, hayaguswi. Pili, ya kuuza hayauzwi siku moja: nusu yanatoka Oktoba au Novemba, nusu ndiyo yanasubiri. Tatu, hatukaushi tena chini. Kikoba kilinunua maturubai sita kwa hela ya faini (asanteni wanaume wanne). Na hili la turubai lingetakiwa liwepo hata kama Kenya isingesema neno, maana 2016 hapa hapa Dodoma na Manyara watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Yale mahindi hayakuwa yanakwenda Namanga. Yalikuwa ya ugali wetu.

#8 Mzee wa Forodha

Salamu wanangu. Nimestaafu kazi ya uwakala wa forodha, sasa nafuga mbuzi Chamwino. Nimesoma yote, niongeze ya kwangu.

Watu wanazungumza Jumuiya ya Afrika Mashariki kama kitu cha marais kupigana picha Arusha. Mimi nakumbuka ilipovunjika. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, ukafunguliwa tena 1983. Miaka sita. Mwenye bidhaa aliipitisha porini usiku, na aliyefaidi ni yule mwenye ujasiri na kisu, mkulima wala hakuonja kitu.

Hii ya sasa mkataba wake ulisainiwa 1999, ukaanza kazi Julai 2000. Umoja wa Forodha 2005, Soko la Pamoja 2010. Kwa mahindi yenu maana yake ni hii: mahindi ya Kongwa yenye cheti cha uasili yanaingia Kenya bila ushuru wa forodha. Mahindi ya kutoka nje ya Jumuiya yanakutana na ushuru wa pamoja wa asilimia 50. Ndiyo maana mnunuzi wa Nairobi anakubali kusafiri mpaka Kibaigwa na kula vumbi. Huo ukuta wa 50 ni wa kwenu, umejengwa kwa ajili yenu, ila hakuna aliyekuja kijijini kuwaeleza.

Lakini ukuta wa ushuru ukishushwa, watu hujenga mwingine wa makaratasi. Leo sumukuvu, kesho kibali, keshokutwa mizani. Na tusiwalaumu jirani peke yao. Mwaka 2017 ni sisi wenyewe tuliozuia mahindi ghafi yasitoke, tukaambiwa tusage tuuze unga. Mwenye mashine alielewa. Mwenye magunia kumi ndani hakuelewa.

Jambo jingine, binti Katibu. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti cha uasili kilichorahisishwa, unakipata pale pale mpakani ukiwa na bidhaa iliyo kwenye orodha. Hiyo ni kama milioni tano. Kikundi chenu mkikusanya magunia 50 mnafika. Simaanishi mwende kesho, lakini mjue mlango upo.

#9 Mama Zabibu

Mimi ni wa Hombolo, nalima zabibu, na huu uzi unaniumiza roho kwa wivu. Nyie mna zao linalosubiri.

Zabibu haisubiri mtu. Ikiiva imeiva. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili mnunuzi anajua una siku chache tu kabla haijaanza kunyauka na nyuki hawajaimaliza. Nimekuwa kwenye kikoba miaka saba, akiba yangu nzuri kuliko ya huyo bibi, lakini haijawahi kuninunulia hata siku tatu za kusubiri. Inanisaidia mwanzo wa msimu tu, kupogolea na kununua dawa ya ubwiri unga. Ukikosa hela ya dawa wiki ile, hasara imeshaingia.

Kwetu cha kusubirisha zabibu ni tenki. Ukikamua ukapata mchuzi wa zabibu, hapo ndipo unaweza kumwambia mnunuzi "bado". Tenki la chuma na chumba cha baridi si vitu vya hisa 2,000.

Na huko nje mnakokusifia, kwangu kunaleta mvinyo wa Afrika Kusini. Tuko nao SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, eneo huru la biashara tangu 2008. Nikienda supamaketi mjini Dodoma naikuta chupa ya kutoka Cape imekaa juu, ya kwetu iko chini karibu na sabuni. Kilichotuokoa kidogo ni kwamba mvinyo uliotengenezwa kwa zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za hapa nchini unatozwa ushuru mdogo wa bidhaa. Bila hicho sijui.

Kwa hiyo Katibu usiseme "akiba na soko" kama uji na sukari. Inategemea unalima nini.

#10 Mtoto wa Kondoa

Mama Zabibu kasema kweli, na mimi naongeza mbaazi. Mbaazi inasubiri vizuri tu, lakini mnunuzi alikuwa mmoja, India. Agosti 2017 India waliweka kikomo cha mbaazi za kutoka nje. Baba alikuwa amefunga magunia yake vizuri, akiba anayo, haraka hana. Alisubiri kama bibi wa Kongwa. Bei ilishuka mpaka watu wakaacha zingine shambani, gharama ya kuvuna ilizidi bei.

Kitu ambacho sitakisahau: Msumbiji walikuwa wameshakubaliana na India tangu 2016, wana mgao wao wa tani kwa mkataba. Sisi hatukuwa na kitu. Mbaazi ile ile, bahari ile ile. Sasa mzee wangu wa Kondoa angejuaje kwamba chakula cha nyumba yake kinategemea karatasi iliyosainiwa au isiyosainiwa na India?

Yeye tangu hapo analima mtama. Anasema mtama hauna pasipoti.

#11 Bodaboda wa Nkuhungu

Hahaha mtama hauna pasipoti.

Sasa na mimi wa mjini niseme. Sisi kijiweni tulikuwa na kikoba cha kwenye simu, watu 15, kila mtu anatuma jioni. Tozo ya miamala ilipoingia Julai 2021 tukaona kila elfu mbili inakatwa pande zote, tukarudi kwenye bati kama Katibu. Tozo ilipopungua baadaye nusu walishazoea bati.

Ila nataka niseme kitu kuhusu riba ya asilimia 5 ambayo Hesabu Ngumu anaisema. Kaka, wewe hujawahi kuguswa na mikopo ya kausha damu. Mwaka juzi pikipiki yangu ilikufa injini, nikachukua laki mbili kwa hawa wa mitaani, marejesho ya kila siku. Siku ya tisa nilikuwa na homa, sikutoka kazini. Wakaja wawili nyumbani, wakakaa kitandani kwangu, kitandani kabisa, mke wangu anapika. Waliondoka na TV na jiko la gesi. Deni halikuisha. Kwa hiyo ukiniambia asilimia 5 kwa mwezi kwa watu wanaonijua na waliokuja kwenye msiba wa mama yangu, mimi nalipa huku naimba.

#12 Afisa Mstaafu

Kwa faida ya wengi: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeweka vikoba daraja la nne, na usajili unafanyika halmashauri. SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, ni daraja la tatu, hao wako chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Jisajilini. Kikundi kisichosajiliwa, mtunza hazina akiondoka na sanduku, mnaanza kutafutana kwa ndugu. Nimeshuhudia mara tatu, na mara mbili ilikuwa mwezi mmoja kabla ya kuvunja.

Pia kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, hauna riba. Nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Mama Zabibu, tenki lako nililifikiria hapo, mkijipanga vikundi vitatu vinne.

#13 Mama Zabibu

Tumeomba mara moja. Nitaacha hapo.

#14 Hesabu Ngumu

Nimesoma vizuri, narudisha mkono wangu nusu. Hiyo hoja ya miezi nimeielewa, na kusema kweli sikuwa nimewahi kuifikiria hivyo. Darasani tunafundishwa akiba kama kiasi, shilingi ngapi kwa asilimia ngapi. Hakuna aliyetuambia ile tarehe ya kuitoa ina uzito kuliko kiasi chenyewe.

Bodaboda, pole sana. Nafuta neno langu la riba.

Lakini nusu ya pili naishikilia. Katibu, kijijini kwenu wapo wasio na shamba. Wapo vibarua, wapo wenye heka moja ambayo inaisha kuliwa Oktoba. Hao Januari ni wanunuzi. Lori la Tela Mbili likipakia, bei ikafika laki na kitu, bibi anafurahi, na jirani yake anayelima vibarua analala njaa kwa bei ile ile iliyomfurahisha bibi. Hilo soko lenu la Afrika Mashariki kwake ni mtu anayekuja kumnyang'anya sahani. Ustawi wa nani sasa? Ruzuku ya TASAF kwa kaya masikini inawafikia baadhi, sio wote.

Jibu hilo nikukubali mzima.

#15 Tela Mbili

Hili hata mimi limenikaa. Kuna siku napakia, mama mmoja anaokota punje zilizomwagika chini ya gari kwa ufagio. Sikusema kitu.

#16 Katibu wa Kikoba

Kaka Hesabu umeniweka siku mbili bila kujibu. Wengine waliniandikia faragha wakidhani nimekimbia.

Kwenye kikoba chetu hao tunao sita. Wananunua hisa moja, wiki nyingine sifuri, wanalipa jamii tu. Mwaka wa kalenda ya shetani hao ndio pekee waliofurahi, mahindi yalikuwa rahisi. Nilikuwa sijaliona hilo mpaka ulipoandika.

Tunachofanya kwa ajili yao, tulianza 2023 na bado kinachechemea. Tukivunja Juni hatugawani yote. Tunabakiza sehemu ya faida, tunanunua mahindi kwa wanachama wenyewe kwa bei ya Juni, ya haki, kwa kilo na mizani, hakuna debe la kitambi. Tunayaweka kwenye chumba cha mwenyekiti. Kuanzia Januari wale sita, na wengine wakikwama, wananunua kwa bei ile ya Juni tukiongeza gharama ya mfuko tu. Hakuna anayepata faida hapo. Wanaume wawili walipinga, walisema tunachezea hela, Januari tungeuza laki. Tulipiga kura, 19 kwa 7, mmoja alikuwa kalala.

Mwaka wa kwanza tulinunua magunia 22. Sasa sikia aibu: tulibana hela, tukaweka kumi kwenye kinga njaa na kumi na mawili kwenye viroba vya kawaida na dawa ya kuchanganya. Desemba nikaingia chumbani na tochi nikasikia sauti, kama mvua ndogo juu ya bati. Nikatia mkono kwenye kiroba ukatoka mweupe wa unga. Dumuzi walikula manne yote na nusu ya la tano. Yale ya kinga njaa hayakuguswa hata punje.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba bibi anauza manane Namanga na kikoba kinabakiza ishirini nyumbani. Kwa kijiji kizima haitoshi, najua. Inatosha kwa wale sita, Januari na Februari, mpaka mboga za majani na maboga vitoke.

#17 Hesabu Ngumu

Nimekukubali mzima.

Swali moja la kitaalamu: mnahakikishaje mnunuzi wa ndani hanunui kwa bei ya Juni akaenda kuuza Kibaigwa kwa bei ya Januari?

#18 Katibu wa Kikoba

Debe moja kwa wiki kwa kaya, na mwenyekiti anaishi njia panda. Haiwezekani kupita na gunia asikuone.

#19 Mzee wa Forodha

Huyo mwenyekiti ni kituo cha forodha kamili.

#20 Tela Mbili

Katibu, hiyo mifuko ya kinga njaa unainunua bei gani hapo Kongwa? Arusha narudi gari tupu kila Jumanne, naweza kukubebea bando bila nauli. Nashuka Kibaigwa Jumatano kabla ya saa tisa.

#21 Katibu wa Kikoba

Kaka Tela, nikutumie idadi kwa ujumbe. Ni hamsini, na bibi namba 14 anataka nane zake ziwe mbali, hataki zichanganywe na za kikundi.